Korongo Mpeleka Maneno

Kemilembe alikuwa amechoka kuulizwa. Akisema anatengeneza katuni ya watu wazima, mwenye nyumba wake pale Igogo anakohoa kwanza, halafu anauliza kama hao watu wanavaa nguo. Baba yake kule Bukoba naye kila akipiga simu: "Mwanangu, nimekusomesha mpaka chuo, mpaka leo unachora vikatuni?" Jamani! Kwani watu wazima hawacheki? Ulevi, kodi ya pango, fitina za sokoni, mapenzi ya kuibia, hayo ni mambo ya watoto?

Yote yalianzia kwenye gemu yake ya simu. Humo Bi Sangara, muuza dagaa wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, anakimbizana na mgambo anayetaka beseni lake, huku korongo, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaoshinda jalalani, wakimdokolea dagaa. Watu waliipendea sauti mbili tu. Bi Sangara alikuwa Mama Queen, muuza dagaa kweli kweli. Mgambo alikuwa Mashimba, kijana wa Mkolani anayenadi mitumba mnadani, mwenye koo lisilohitaji spika. Sasa kituo kimoja cha televisheni huko Dar kilitaka gemu igeuzwe tamthilia ya katuni, kwa sharti moja: Ijumaa jioni wasikie ugomvi mmoja mrefu wa hao wawili. Ukinoga, wanasaini. Usiponoga, asante na kwaheri, na jasho la Kemilembe la miaka yote libaki kuwa mchezo wa kupotezea muda kwenye foleni ya benki.

Ijumaa ikafika. Mama Queen akaingia kwenye kile chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, akaketi. Mara Mashimba akafungua mlango, akamwona, akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Mlango, pwaa! Kugeuka, Mama Queen naye kajifunika kanga uso mzima.

"Kuna nini tena?" Kemilembe akauliza.

"Yule ni mkwe wangu," Mama Queen akajibu kutoka ndani ya kanga. "Ndiye aliyemuoa Queen."

"Nilisikia Queen kaolewa. Mbona hamkuniambia kaolewa na huyu?"

"Hukuuliza, mwanangu."

Kwenye gemu kila mmoja alirekodi siku yake, neno hapa, neno pale. Sasa Kemilembe, Mhaya wa watu, alikuwa amewaandikia Wasukuma wawili, mtu na mama mkwe wake, watukanane ana kwa ana. Kwa mila yao hata kutazamana hawatazamani, sembuse kuitana mwizi! Akashika kichwa.

Akatundika shuka katikati ya chumba. Mashimba akaingia kinyumenyume, akakaa upande wa mlangoni.

"Haya, mgambo, anza!"

"Wewe mwizi wa... samahani, mama... ondoa beseni lako, tafadhali."

"Tafadhali? Mgambo gani anasema tafadhali?"

"Sasa dada Kemi, mama nitamwambiaje?"

Wakarudia. Safari hii mgambo akaanza na shikamoo, na Bi Sangara, kwa sauti ya msibani, akaitikia marahaba. Kemilembe akarusha kalamu ukutani.

"Mtanitoa roho nyie! Kama hamwezi kuambiana, mwambieni korongo! Mtukaneni korongo, yeye atafikisha!"

Aliyasema kwa hasira tu. Lakini Mashimba akanguruma: "Wewe korongo! Mwambie huyo muuza dagaa, beseni lake limeziba njia kama tumbo la diwani!"

"Korongo!" Mama Queen akadaka. "Mwambie huyo mgambo, gwanda lenyewe la kuazima, na mkanda wake ni kamba ya mbuzi!"

Weee! Wakachachamaa. Kemilembe alijiziba mdomo kwa kiganja asije akaharibu kwa kicheko. Huu sasa ndio ugomvi, mtamu kuliko ule alioukeshea. Ghafla sauti ya Mama Queen ikashuka.

"Korongo, muulize huyo bwana, mbona binti yangu hapokei simu zangu?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi. Mashimba akavuta pumzi, na Kemilembe akainua mkono awarudishe kwenye ugomvi.

"Korongo," Mashimba akasema, na haikuwa tena sauti ya mgambo. "Mwambie mama, mimba imetoka. Queen kanikataza kusema. Anaogopa mama ataumia."

Kemilembe akazima mashine. Nyuma ya shuka Mama Queen alilia bila kelele. Alipomaliza akavua kanga yake ya juu, akairusha, ikavuka shuka na kumwangukia Mashimba miguuni.

"Korongo, mpelekee binti yangu. Mwambie aje nyumbani nimkande."

Jioni Kemilembe akakata kile kipande cha habari za Queen. Kwa haraka, jibu likatoka, swali likasalia. Akatuma hivyo hivyo. Josephat wa kule kituoni hakukawia kupiga.

"Dada, tumecheka mpaka basi! Lakini pale mama anapouliza habari za binti yake, ofisi nzima imenyamaza. Halafu mmekata! Jibu liko wapi?"

"Halipo."

"Lipo, nimesikia mtu anavuta pumzi. Lete jibu tusaini leo leo. Bila hilo, dada, sikufichi, hakuna tamthilia."

Kemilembe alilitazama lile shuka, bado limening'inia. Miaka yote ile, Mungu wangu. Machozi ya hasira yakamjia, akayafuta kwa mkono wa blauzi.

"Jibu lina wenyewe, kaka," akasema, akakata simu.