Pompi ya Kamyo ya Mama Sifa

Naikumbuka bado, mwanangu, ile siku ya ujana wangu hapa Kalemie nilipomcheka fundi mzee mbele ya watu. Nakueleza kwa sababu jana ulinipigia simu: moteri umeifungua, pompi ya mafuta ya kulainisha vyuma ingali inazunguka, je, uibadilishe au uiache? Mimi siku ile nilikuwa na jibu tayari. Huo ndio ubaya wenyewe.

Nilikuwa dereva wa mama yangu mdogo, Mama Sifa. Alipofiwa na mumewe aliuza boti na nyavu, akanunua kamyo kuukuu ya kupeleka ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kavu Moba na kurudi na mahindi. Yeye na watoto wake wanne walikula kwa kamyo hiyo, hawakuwa na kingine. Sasa moteri ilikuwa imefunguliwa garajini, tubadilishe vyuma vya ndani vilivyolika.

Pompi tulikuwa na desturi ya kuijaribu hivi: unaitumbukiza kwenye beseni la mafuta, unaizungusha kwa mkono, mafuta yakiruka watu wanapiga makofi, kazi kwisha. Yaliruka mpaka yakanichafua shati. Nikatamba kweli!

Papa Mwamba, fundi mkubwa wa garaji, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi, hakupiga makofi. Aliifungua pompi, akaingiza kipimo chembamba kati ya meno ya pompi na ukuta wake wa ndani. Kikapita, na nafasi ikabaki.

"Mutoto," akasema, "haya mafuta iko baridi, iko mazito. Yakishika moto yatakuwa mepesi, yatapita humu yarudi chini, juu hakufiki kitu. Hii pompi imechoka. Tungoje mupya itoke Kigoma."

"Papa, tungoje boti ngapi? Ndagala itaota miguu, itembee yenyewe mpaka Moba!"

Watu wakacheka. Mama Sifa alikuwa amekaa juu ya gunia. Akanitazama mimi, si fundi.

"Wewe ndo unaiendesha. Unasema je?"

"Iko muzuri, Mama."

Akaniamini. Tukafunga moteri, tukapakia, nikaondoka.

Njiani kila nilipopunguza mwendo taa nyekundu ya mafuta iliwaka. Nikikanyaga gesi inazimika. Nikajiambia, ah, hiyo taa tu ina wasiwasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami sikuziba, nilikanyaga gesi. Katika mlima wa tatu moteri ikaanza kugonga, halafu ikakwama, ikanyamaza. Ndagala ikanyeshewa na mvua siku mbili.

Kamyo ilivutwa mpaka mjini, haikuwaka tena. Mama Sifa akarudi kukaanga samaki kando ya bandari. Minerval, ile karo ya shule, ikakosekana, na Sifa mwenyewe, binti yake wa kwanza, akaacha shule mwaka huo.

Nilimwendea nikapiga magoti. Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia.

"Moteri ni chuma, inakufa," akasema. "Lakini mimi nilikuuliza, na wewe ulijibu bila kujua."

Niliona haya, mwanangu. Mpaka leo naona haya. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Kwa hiyo sikuambii badilisha, wala sikuambii acha. Hata hizo pompi mpya, nyingine ni takataka zinazong'aa. Nakuambia pima: ya zamani kwanza, na mpya vilevile kabla hujaifunga. Kipimo kikikubali, iache ya zamani ifanye kazi yake. Kikikataa, ngoja boti, hata wenye mizigo wakutukane. Mtu aliyezeeka na kazi akikuonya, nyamaza usikilize, utacheka baadaye kama bado kuna cha kuchekesha. Na mwenye kamyo akikuuliza jambo usilolijua, mwambie, "Sijui, Mama." Neno hilo halijaua moteri ya mtu.

Mungu akupe wepesi wa mikono na uzito wa ulimi. Akufikishe uendako, akurudishe, na wote wanaokula kwa usukani wako wasilale njaa.