Siku Niliyomwacha Azuba

Sauti niliyokuwa nikiitegea masikio usiku, nilipokuwa mtoto, ni ya mdogo wangu akinyonya upande wa pili wa pazia. Wawili waliomtangulia waliacha kwanza kunyonya, kisha wakanyamaza kabisa. Kwa hiyo usiku ule, saa nane, niliposikia Mama akibembeleza, "Shika, mwanangu, shika titi," na hakuna kilichofuata, nilijua tumefika tena pale pale. Nilikuwa na miaka tisa.

Naandika haya mtoto wangu mwenyewe yu mapajani, ana wiki tatu, na kila akivuta pumzi ndefu naweka kalamu chini nimtazame, basi mnisamehe nikienda mbio.

Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo imeanza. Tulipanga chumba Majengo, katika nyumba ya Bi. Rukia, mwanamke mnene, mkali wa maneno, aliyeuza viazi vya karai barazani pake. Baba alikuwa fundi wa reli, mtu wa bara na wa Biblia. Mtoto alipozaliwa alitafuta jina ambalo kanisani hakuna mwingine aliye nalo, akampata Azuba, anayetajwa kwa nusu mstari tu. "Mama wa mfalme," Baba alisema, na Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba wa pili.

Aliyeharibu ni mimi. Nilikuwa nasoma kila kitu, hata gazeti lililofungiwa nyama, na nyuma ya Biblia ile mlikuwa na orodha ya majina na maana zake. Nikasoma kwa sauti, najisifu: "Azuba, aliyeachwa." Mama alikuwa akichekecha unga. Mikono ikasimama.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Tangu siku hiyo mtoto akaitwa Yedida, mpendwa, kutoka orodha ile ile, na Mama alilitamka kwa nguvu uani kama anayemjibu mtu.

Bi. Rukia hakupenda. "Mama Rehema, umezika wawili. Huyu wa tatu wamwita mpendwa hata watu wa Bondeni wasikia. Mauti nayo hayana masikio?" Akaeleza kwamba kwao mwanamke aliyefiwa na wana humwita anayefuata Tabu, au Mashaka, tena humtupa jaani kidogo, mwingine amwokote, ili hicho kinachochukua watoto kione huyu hana mwenyewe wa kumlilia. "Mume wako alikuwa keshapata jina zuri. Mwaliondoleani?"

"Sisi tumeokoka, Bi. Rukia."

"Kuokoka si kuziba mato," akasema, akijigusa kope.

Homa ilimpata wiki iliyofuata. Mama alimpeleka hospitali mara mbili, akarudi na chupa mbili za dawa, na bado. Asubuhi ya usiku ule ninaousema, Mama alitoka mbio kwenda kumwita Baba kazini, akaniachia mtoto mgongoni. Hajafika mwisho wa kichochoro, Bi. Rukia yu mlangoni na ungo.

"Ndoo, Rehema," akaniita kwa mkono. "Huyu ni damu yenu, lazima atupwe na mmoja wenu. Mimi nitamwokota."

"Mama atanipiga."

"Hatajua. Utamwambia nani? Mdomo huo umeshasema ya kutosha."

Hapo alinipata.

Tulimlaza kwenye ungo, ndani ya kanga, ukingoni mwa jaa nyuma ya nyumba. Alikuwa mwepesi, moto, macho nusu. Bi. Rukia akajificha ukutani. "Sema simtaki, kisha enda hata bombani. Sitizame nyuma."

Mtu mzima atasema hayo ni maneno tu. Lakini nilikuwa nimebebeshwa mtoto yule tangu azaliwe, sichezi, shule naenda siku moja nakosa mbili, nyumba nzima yapumua kwa pumzi zake yeye, na nilipofungua mdomo neno lilitoka upesi kuliko nilivyotegemea. "Simtaki." Nikaenda. Alilia nyuma yangu, kilio chembamba, kisha kikakatika, na sauti ya Bi. Rukia siisikii. Kunguru wakaruka kutoka jaani wote kwa pamoja. Nililishika bomba kwa mikono miwili, nikajiambia geuka, nikajiambia usigeuke, na sikugeuka, na hata leo sijui kama ule ulikuwa utii.

Kisha nikasikia: "Jamani, nimeokota mtoto huku. Wa nani? Hana mwenyewe? Basi ni wangu. Namwita Azuba."

Alinikabidhi kama anayemkabidhi yaya. "Nishikie mwanangu."

Jioni mtoto alinyonya. Kidogo, akatapika, akanyonya tena. Nimesoma baiolojia sekondari, najua dawa ya chupa ya pili huchukua siku zake kufanya kazi, na nikiulizwa nitajibu hivyo. Lakini Bi. Rukia hakuacha kumwita Azuba kila apitapo ukumbini, Mama akadhani ni utani, akachoka kubishana, na siku ya kumpeleka kanisani akamwandikisha jina hilo hilo.

Azuba sasa ni mrefu kunipita, na amekuja kunisaidia uzazi. Juzi mwanangu aligoma kunyonya nusu siku, woga ukanishika, nikamweleza yote kwa pumzi moja, ungo, jaa, bomba. Alikuwa akimpaka mtoto mafuta. Hakuacha kumpaka.

"Kumbe mimi mtoto wa Bi. Rukia," alisema. "Ndiyo maana viazi vya karai havinishindi."

Tukacheka. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Dada, ulivyosema simtaki. Ulisema kwa mdomo, ama kwa moyo?"

Watu wakijua nilikokulia huniuliza kama naogopa majini na mapepo. Mimi nimeogopa swali hilo la Azuba. Jina lake Baba alilitafuta, Mama akalikimbia, Bi. Rukia akalipenda, aliyelifanya kuwa kweli ni mimi, kwa miguu yangu, mpaka bombani.

Nilimjibu ukweli, kwa sauti ndogo, mtoto akiwa kati yetu. Alisikiliza, akamfunga mtoto nepi, akanipa nimnyonyeshe.

"Isitoke hapa," akasema.

Nikamwahidi. Mengine yote nimeyaandika. Jibu lile ni lake, na simwambii mtu mwingine.