Jiwe Dogo la Kishushe

Niliondoka Voi Ijumaa alfajiri kwa sababu moja tu: nilitaka kwenda Mombasa. Najua mtacheka, maana nilishika njia ya Kishushe, na Mombasa iko upande mwingine kabisa. Lakini kwetu sisi tunaoshindana kwa nguvu, mwaka huu njia ya Mombasa ilipitia Kishushe. Wenye ranchi moja kule walikuwa wameandaa mashindano, na wa kwanza angepelekwa kwenye yale makubwa ya Pwani. Pale ukionekana unaitwa tena na tena, mpaka kunyanyua mawe kunakuwa ndiyo kazi yako. Wa pili angerudi nyumbani na blanketi.

Kazi yangu kwa sasa ni kupakia saruji katika duka la Bi Swafia, hapa karibu na soko. Nilipomwomba ruhusa alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Nenda, Nyambu mwanangu, Mungu akutangulie," akasema. "Ila usinirudie na kiuno kimeteguka. Saruji yangu itabebwa na nani, paka?"

Saa moja asubuhi nilikuwa Mwatate. Saa tatu nilikuwa Wundanyi, na baridi ya huko ikanikumbusha kwamba sweta nimeliacha msumarini. Nilipata pikapu iliyokuwa ikipeleka chumvi ya ng'ombe Kishushe. Nikakaa juu ya magunia, nikiangalia mashamba yanavyoning'inia milimani, nikaona raha kama mtu aliyelipiwa kutalii.

Tulipofika Mghange, dereva alisimama, na jitu moja likaparamia nyuma na mfuko wa ndizi. Ni Mwakio. Huyu analima viazi na kabeji hapo hapo Mghange, na tumeshindana mara tatu. Mara mbili alinishinda. Ile ya tatu nilimshinda mimi, ingawa yeye husema siku hiyo alikuwa akiumwa jino.

"Blanketi lako nimeshaliona," akaniambia kabla hata ya kukaa. "Lina maua. Litakufaa."

"Peleka wewe kwa mkeo, ndugu yangu. Huku kwenu kuna baridi."

Akacheka mpaka pikapu ikatikisika, akanipa ndizi nne. Njiani akanieleza kitu ambacho sikukijua. Mwaka jana alinyanyua gunia vibaya, mgongo ukalia ko! Miezi mitatu hakuweza kuinama. Msimu ule mke wake alilima na kuchimba viazi peke yake, na mtoto mgongoni. Alisema hayo akiangalia milima, hakuniangalia mimi. Nami nikajifanya ninamenya ndizi.

Adhuhuri tuliteremka upande wa pili. Baridi ikabaki juu, joto likatupokea, na barabara ikawa mawe na mashimo. Kwa mwendo mrefu hatukukutana na gari lolote, ila bodaboda moja iliyobeba mbuzi wawili na mwenyewe. Udongo ulikuwa mwekundu, wenye punje nyeusi zinazong'aa juani.

Saa kumi tulifika, tukagawanywa katika nyumba za watu. Mimi nilipewa kwa Mama Mghoi, mjane mwenye mbuzi wengi na mdomo mwepesi. Zamani alikuwa akichambua mawe ya chuma, yale yanayochimbwa vilimani huko. Nilimkuta uani akipepeta mbaazi.

"Ndiye wewe mwenye nguvu?" akauliza. "Basi niondolee lile jiwe mlangoni pa jikoni. Watoto wa wanangu wanajikwaa."

Jiwe lenyewe lilikuwa kama kichwa cha ng'ombe, jeusi lenye wekundu. Nikaliendea na mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika ndizi. Nikavuta. Jiwe halikusikia. Nikahisi kitu kimenichoma kiunoni kama sindano, na ndizi ikaanguka. Mama Mghoi alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Hilo ni chuma, mwanangu," akasema akijifuta macho. "Huku jiwe usiliamini kwa macho. Watu wa ranchi wameweka mawili kama hilo kiwanjani, makubwa kuliko hili. Wanataka kuwacheka wageni. Wewe unalala kwangu, kwa hivyo nimekuonyesha. Usimwambie mtu."

Nikaahidi. Nililiondoa lile jiwe kwa mikono miwili na magoti yaliyokunjwa vizuri, halafu nikala ugali na maziwa ya mgando.

Jumamosi asubuhi kiwanja kilijaa. Tulikuwa tisa. Tulivuta trekta kwa kamba, tukatembea na mitungi ya maji, na kufikia saa sita tulibaki wawili: mimi na Mwakio. Raundi ya mwisho ilikuwa ya mawe. Kila mtu alikuwa na mawe matano na mapipa matano. Ulianza na jiwe unalotaka, na wa kwanza kuyapandisha yote juu ya mapipa ndiye mshindi. Manne yalikuwa ya kijivu, makubwa. La tano lilikuwa dogo, si kubwa kuliko ndoo ya maji, jeusi lenye wekundu.

Nilimtazama Mwakio, nikatazama lile jiwe, nikanyamaza. Nawaambia ukweli: nilinyamaza kwa kutaka.

Filimbi ikalia. Yeye akakimbilia kubwa. Mimi nikakimbilia dogo, bado nikiwa na nguvu zangu zote. Uwanja ukapasuka kwa kicheko.

"Wa Voi ameanza na yai!"

Yai lile lilinitoa jasho la mwezi mzima, lakini lilipanda. Nikaendelea, la pili, la tatu, la nne. Nikabakiwa na moja tu, kubwa kuliko yote, nikalipakata mapajani. Anayebeba jiwe huziba pumzi. Ukiachia pumzi, umeachia jiwe. Hapo nikageuza macho, nikamwona Mwakio. Alikuwa amebakiwa na lile dogo. Alikuwa analiinamia haraka haraka, magoti yamenyooka, mgongo umepinda, kama mtu anayeokota kofia.

"Mwakio! Hilo ni chuma! Piga magoti!"

Pumzi ikaenda, jiwe likaenda nayo, tii! karibu na vidole vyangu. Mwakio akasimama kama amepigwa na stima. Kisha akakunja magoti, akalikumbatia, akanguruma, likapanda. Nilipolipakata langu mara ya pili yeye alikuwa ameshainua mikono.

Alinijia akihema. "Kwa nini umeniambia?"

"Viazi vingechimbwa na nani?"

Alinikumbatia kwa nguvu kuliko alivyolikumbatia lile jiwe, na hapo ndipo kiuno changu kilipoumia kidogo.

Mama Mghoi alinipokea na kikombe cha chai. "Nilikwambia usimwambie mtu," akasema. "Wewe umeuambia uwanja mzima. Jiwe halikukushinda, mwanangu. Mdomo ndio umekushinda." Lakini chai ilikuwa na sukari nyingi, na blanketi nilimwachia yeye.

Jumapili nilirudi na ile pikapu. Niliwaomba watu wa ranchi lile jiwe dogo, wakanipa wakicheka. Sasa liko mbele ya duka la Bi Swafia. Mteja akijigamba, yeye humwambia kwa upole, "Baba, hebu nisogezee hicho kijiwe." Kisha huingia ndani kucheka.

Wiki iliyopita Mwakio alinipigia simu kutoka Mombasa. Amekuwa wa tatu, na ameitwa tena.

"Nimebeba yote kimya," akasema. "Hata kupiga chafya sijapiga."

Nilifurahi kweli. Kila asubuhi kabla ya saruji ninalipandisha jiwe langu kwenye pipa mara kumi, pumzi nimeziba, mdomo nimefunga. Bi Swafia husimama mlangoni akihesabu kwa sauti. Mwakani ninataka kwenda mimi. Ila mtu akiinama vibaya karibu yangu, sitawadanganya: nitapiga kelele tena.