Robo Kidonge cha Rehana

Wifi yangu Rehana alikuwa amepoteza mimba tatu, zote zikiwa na miezi sita, na nyumbani kwetu Makambako tulishaanza kumtazama kama mchawi. Nasema tulishaanza kwa sababu nami nilikuwamo.

Ya nne ilipoingia, kaka yangu Musa alimpeleka hospitali ya misheni, upande wa Njombe. Daktari akasema huenda damu yake inaganda kwenye kondo la nyuma, mtoto anakosa chakula. Akampa aspirini: robo kidonge kila siku, baada ya kula. Musa akamrudisha, akapakia viazi kwenye lori, akaondoka kwenda Dar.

Mama akaviona vidonge siku hiyohiyo. Aspirini! Nani hakujua wasichana wanaimezea nini?

"Kumbe ndivyo unavyowamaliza wajukuu zangu," akasema. Akavifungia sandukuni, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu, maduka ya dawa yameota mjini kama uyoga. Lakini Rehana aingie lipi? La barabarani lilikuwa la baba mdogo, la stendi la binamu yangu Mudy, na wote walishaonywa. Akitoka, nipo nyuma yake. Nilijiona mlinzi hodari, mjinga mimi.

Siku ya nne maji yalimfika shingoni. Alipiga magoti mbele ya Mama, wembe mkononi. Niliruka kumshika, kumbe wembe ni wa kukatia kidonge.

"Mama, nipe kwa mkono wako. Nikimeza mtoto akafa, nimemuua mimi. Nisipomeza akafa, amemuua nani?"

Mama akafungua sanduku. Akashika kidonge kimoja muda mrefu, bila kukitoa.

"Mimi nilimeza kumi na viwili," akasema. "Kule Kondoa, kabla ya kuolewa na baba yako, Safina. Nilitaka mimba itoke. Ikatoka."

Rehana akamwambia taratibu, "Hii ni robo, Mama."

Mama akachukua wembe, akakata. Tangu siku hiyo alimpa kila asubuhi, kisha akashinda naye chumbani, kiganja tumboni kwake, akiogopa hata kwenda msibani. Sasa wafungwa walikuwa wawili.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume. Rehana alicheka hadi wauguzi wakamnyamazisha. Mama nilimkuta nje, ameketi chini ukutani, analia.

"Mama, si amepona?"

"Amepona. Na wewe ungekuwa na kaka mwingine, mkubwa kuliko Musa."