Damu Niliyompa Kaka Yangu

Wiki iliyopita nilimpeleka Mama kliniki ya macho, na tulipotoka akaniomba tupite mtaani kwetu kwa zamani, pale Stratford, huku ughaibuni. Nilimwambia hatutakuta kitu. Majengo yetu yalishabomolewa, na mahali pake pamesimama maghorofa ya vioo yenye mlinzi mlangoni. Mama alisimama kando ya barabara akilitafuta hewani dirisha la jiko lake. Mimi nilikuwa natazama chini, palipokuwa na kiwanja cha lami kilichozungushiwa wavu, ambako wavulana wa mtaa walicheza mpira. Sasa wamepanga baiskeli za kukodisha. Nilifurahi kwamba kiwanja hakipo tena, kisha nikaona haya kwa kufurahi kwangu. Kaa nikueleze, maana yote kwa pamoja sijawahi kumwambia mtu.

Kaka yangu amenizidi miaka mitatu. Maradhi yake yalianzia magotini. Alirudi shuleni akilalamika magoti yanamuuma, Mama akamkanda kwa maji ya moto akidhani ni mpira, mpaka siku alipomwona midomo imekuwa myeupe. Ilikuwa saratani ya damu. Nyumbani neno hilo halikutajwa; tulisema "maradhi yale," na kila mtu alielewa. Bibi akaja kutoka Unguja kushika jiko, ili Mama akae hospitali.

Dawa zilipogoma, madaktari wakasema anahitaji uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, wa mtu mwingine. Tulipimwa nyumba nzima, na aliyelingana naye nikawa mimi, mtoto wa miaka minane. Nakumbuka kuvishwa gauni la hospitali lenye picha za dubu, kisha kuamka kiuno kinaniuma kama niliyeanguka ngazini, na Baba amekaa pembeni ameshika aiskrimu inayomchuruzika mkononi. Baada ya siku chache nilikuwa nakimbia. Kaka alibaki wiki nyingi kwenye chumba cha peke yake, tukimpungia mikono kupitia kioo.

Aliporudi, nyumba ilikuwa na sheria mpya. Kazi yangu kabla ya kwenda shule ilikuwa kufuta vitasa vya milango na swichi za taa kwa kitambaa chenye dawa. Wageni hawakuingia. Bibi alimpikia uji wa mchele upya kila mlo, kwa sababu chakula kilichokaa hakikuruhusiwa, na kila alipomwaga mabaki alinong'ona, "Mungu anisamehe." Siku za mikate ya kumimina, harufu ya iliki ilitupokea toka kwenye lifti. Jirani yetu Mkongo, mama aliyefanya kazi ya kutunza wazee, alitundika mfuko wa maandazi kwenye kitasa chetu kila Jumamosi. Kaka hakuruhusiwa kula vya nje, basi niliyamaliza mimi.

Na mimi nikawa mtu mkubwa. Bibi akizungumza na Unguja kwa simu, aliniita nisimame karibu: "Huyu hapa ndiye aliyempa nduguye uhai." Shuleni mwalimu alinisimamisha mbele ya watoto wote, wakanipigia makofi. Kipande kinono cha samaki kilikuwa changu. Kaka alitazama tu, akala kilichobaki.

Siku moja kliniki, muuguzi mcheshi alituambia kwamba sasa damu ya kaka inatengenezwa na uboho wangu, na mtu akiipima atadhani ni ya msichana. Tulicheka sote. Kisha kaka akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi ni msichana?" Muuguzi akamwambia hapana, ni damu tu, yeye ni yule yule. Kwenye basi la kurudi akanishika mkono. "Usimwambie mtu," alisema. "Apa." Nikaapa.

Nilikitunza kiapo kile karibu miaka mitatu. Alipofika kumi na nne, alikuwa mfupi kuliko wenzake na nywele zake zilikuwa zimeota laini kama za mtoto mchanga, lakini alikuwa mzima, na kile kiwanja cha lami kilikuwa kimempokea. Hakuna aliyemjua pale kama mgonjwa. Alikuwa winga wa kushoto, basi. Nyumbani sifa zangu zilikuwa zimeanza kupoa, na yeye hakuwa na haja nami tena.

Jioni moja Mama alinituma nikamwite aje kula. Nilisimama kwenye wavu nikamwita mara tatu. Akageuka, akaniambia kwa Kiingereza mbele ya wenzake, "Nenda zako, acha kunifuatafuata." Wakacheka. Nami nikasema, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Damu yako yenyewe ya kike! Ni yangu! Muulizeni!"

Kaka aliokota sweta lake akatoka. Kesho yake walishampa jina, "Miss," na jina hilo lilimfuata mpaka shuleni.

Hakurudi tena kiwanjani. Mama alipomuuliza mbona hachezi, alinitazama kidogo, kisha akajibu, "Magoti yananiuma."

Nilimwona Mama akiweka mwiko chini. Asubuhi yake walikuwa hospitali. Alichukuliwa damu, tukaambiwa tusubiri majibu. Siku zile Baba aliacha kuwasha redio. Mama alisali mpaka mkeka ukamwachia alama kwenye paji la uso. Bibi aliunguza wali, yeye ambaye hajawahi kuunguza kitu. Mimi nilijua magoti hayamuumi. Sentensi moja tu ingewatoa wote katika hofu ile, nami nikaendelea kufuta vitasa.

Majibu yakaja safi. Bibi akapika pilau, tukaita watu, na mbele yao akaniweka mapajani, msichana mkubwa wa miaka kumi na moja. "Damu yako imemlinda tena," akasema. Kaka alikuwa amekaa mkabala nami. Alipiga makofi pamoja na wageni.

Nilimwomba radhi mwaka jana, watu wazima sote, tukiwa tumekaa ndani ya gari lake nje ya kwa Mama. Nilimuuliza kwa nini hakunisema siku ile.

"Ningekusemaje?" akajibu, bila hasira. "Nyumba nzima ilikuwa inasema bila wewe nisingekuwepo. Nani angenisikiliza?"

Akaniambia amenisamehe, na namwamini. Mama nilimwambia yale ya magoti wiki iliyopita, palepale barabarani. Akasema, "Nilidhani nitamzika." Tukaenda kituo cha basi.

Bibi ameshafariki, jirani Mkongo sijui alihamia wapi. Lakini si hao ninaowakumbuka zaidi. Kabla ya maradhi yale, mimi na kaka tuligombana kila siku ya Mungu: siti ya mbele kwenye ghorofa ya juu ya basi, rimoti, nani aoge kwanza. Alinivuta nywele, nikamuuma mkono, tukachapwa wote. Tangu jioni ile kiwanjani hajanigombeza hata mara moja. Nikikosea, ananyamaza. Nikitaka kitu, ananipa.