Gari Niliyomnunulia Mke Aliye Mbali

Mke wangu aliondoka kijijini kwetu Gando kwenda Maskati kwa miezi mitatu. Binti yetu alikuwa akitarajia mtoto wa kwanza, na huko ugenini hakuwa na mtu wa kumkanda wala kumkorogea uji. Nilimwambia nenda, mimi nitajipikia. Mtoto akazaliwa mdogo, miezi mitatu ikawa sita. Kisha binti akarudi kazini, na mtoto akawa hana wa kubaki naye. Nilipostaafu, mke wangu alikuwa na mwaka na nusu hajalala nyumbani kwake.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa bwana shamba. Asubuhi napanda pikipiki ya ofisi, nakwenda kwenye mashamba ya watu kutazama mikarafuu iliyokauka ncha na mihogo iliyoingia ugonjwa. Nilikula kwa watu na kusali kwenye misikiti ya watu, jana Kiuyu, leo Tumbe. Siku niliyokabidhi ufunguo wa pikipiki nilirudi nyumbani saa nne za asubuhi nikakuta kimya ambacho sikukijua. Nyumba ile niliijenga mwenyewe, na bado nilikuwa sijui jua linaingia dirisha gani mchana.

Kiinua mgongo kilipotoka nikanunua gari. Jamaa waliniuliza, mtu peke yake gari ya nini. Nikawaambia ni ya mke wangu. Akirudi, magoti yake hayamruhusu kusimama barabarani kungoja gari za abiria. Hilo lilikuwa kweli. Lakini lilikuwapo na jingine ambalo sikumwambia mtu: niliona kuwa mwanamke aliyewekewa gari mlangoni hatakosa kurudi.

Nilivuka bahari hadi Unguja, nikaenda kwenye uwanja mmoja wa magari yaliyotumika Japani. Muuzaji alikuwa na kanzu safi na sauti ya upole. Alinipeleka moja kwa moja kwenye gari ndogo ya rangi ya fedha.

"Mzee, hii ilikuwa ya bibi kizee wa Kijapani," aliniambia. "Sokoni na nyumbani, basi. Tazama mwenyewe kilomita zake."

Nikatazama. Elfu sabini na kidogo. Nikatia ufunguo, ikawaka mara moja, injini ikatulia. Ndani ilinukia sabuni. Mimi niliyewaambia wakulima miaka nenda miaka rudi wasinunue mche bila kuufukua na kuona mizizi, sikumtafuta fundi hata mmoja wa kuifunua boneti. Nililipa, nikaipakia melini, nikaiteremsha bandari ya Mkoani, nikaiendesha kutoka kusini hadi Gando bila redio, nikisikiliza matairi tu. Jioni nilipiga picha ya gari mlangoni nikamtumia mke wangu.

"Nzuri," aliniambia kwa simu. "Mashaallah. Na viti vyake vipana. Uiendeshe polepole."

Miezi ya mwanzo nyumba yangu ilijaa watu. Huyu ana mgonjwa wa kumpeleka spitali ya Wete, yule ana mkeka wa kupeleka harusini Konde, mwengine anataka tu kufika benki kabla haijafungwa. Sikutoza senti. Walibisha hodi mapema, wakakaa barazani wakinywa chai yangu huku wananingoja nivae. Usiku nilipolala nilikuwa na maneno ya watu kichwani, na usingizi ulikuja upesi.

Siku moja nilikwenda Tumbe kununua samaki. Wakati wa kurudi, sijafika Konde, nikauona mshale wa joto umepanda hadi juu kabisa. Moshi mweupe ukatoka chini ya boneti, injini ikakohoa, ikazima. Nikakaa ndani na samaki wangu kwenye kikapu. Mchuuzi mmoja wa samaki akasimamisha pikapu yake nyuma yangu. Aliuweka mkono juu ya boneti akauondoa haraka.

"Imechemsha, yakhe," alisema. "Usifungue mfuniko wa rejeta sasa hivi, utaungua uso. Una kamba?"

Sikuwa na kamba. Alikuwa nayo yeye, ya nailoni, yenye magamba ya samaki. Alinivuta hadi Wete, na kila mtu niliyempita barabarani alimjua bwana shamba na aliiona gari yake inavyovutwa.

Gereji aliyonifikisha ilikuwa banda la mabati nyuma ya maduka. Fundi wake alikuwa mtu wa umri wa mdogo wangu, mkimya, ambaye zamani alitengeneza mashine za boti. Alikuwa na bisibisi ndefu. Huweka ncha yake juu ya injini na mpini wake sikioni, akasikiliza kama daktari. Siku ile hakuwa na cha kusikiliza. Alifungua, akatoa kijiti cha oili, akanionyesha. Oili ilikuwa imegeuka rangi, kama chai ya maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili," alisema. "Gasketi imeungua, na silinda hedi yenyewe, hiki kichwa cha injini, naona imepinda. Itabidi iende Unguja ikachongwe. Hapa hatuna mashine hiyo."

"Gari ina kilomita elfu sabini tu," nilimwambia.

Fundi alitazama pedali ya breki, akaipitishia kidole. Mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja hadi chuma kinaonekana. Kisha akafungua mlango wa dereva kabisa, akachutama, akaparura kwa ukucha kibandiko kidogo kilichopakwa rangi juu yake. Rangi ikabanduka. Chini yake palikuwa na maandishi ya Kijapani yaliyoandikwa kwa kalamu, na nambari.

"Hapa walibadilisha oili," alisema. "Herufi sizijui. Lakini nambari ni nambari, mzee. Soma."

Nikasoma. Laki moja na elfu themanini na tisa. Na hiyo ilikuwa siku waliyobadilisha oili, kabla gari haijapanda meli.

Sikupandisha sauti, wala sikumlaani muuzaji. Nilichokiona ni jinsi nilivyokuwa nimesimama katika uwanja ule, mtu mzima mwenye mvi, nimeshaamua kabla ya kutazama. Baadaye nilimpigia simu muuzaji. Alisema, "Mzee, gari ikishatoka getini ni yako," na simu yangu ya pili hakuipokea.

Hedi ilikwenda Unguja kwa boti ndani ya gunia. Mashine ya kuchonga ilikuwa na foleni, kisha gasketi iliyokuja haikuwa ya injini yangu, ikarudishwa. Zikapita wiki saba. Gharama zake zilikula pensheni ya miezi mitatu, na nilikuwa nikila muhogo na dagaa kwa kupenda na kwa kulazimika.

Katika wiki hizo saba hakuna aliyebisha hodi. Si kwamba watu wa Gando ni wabaya. Msikitini walinisalimia, wakaniuliza hali ya gari, wakanipa pole. Lakini mtu mwenye mgonjwa alikwenda kwa mwenye gari nyengine, na barazani kwangu kukawa na mimi na birika. Niliendelea kupika chai ya watu sita kwa siku kadhaa kabla mkono haujazoea.

Kila Ijumaa baada ya Alasiri mke wangu alipiga simu. Nyuma yake nilimsikia mjukuu akicheka na vijiko vikigonga sahani.

"Gari haijambo?" aliuliza.

"Haijambo," nilisema. "Iko nje hapa."

"Na weye?"

"Na mimi sijambo."

Nje palikuwa na alama nne za matairi kwenye mchanga, na mvua ilikuwa ikizifuta.

Gari ilirudi, na kweli ilikuwa imetengenezwa vizuri. Fundi alinipa sharti moja: kila asubuhi, injini ikiwa baridi, nitazame maji, na yakipungua niongeze. "Rejeta hii imechoka," alisema. "Ukiipa maji itakustahi. Ukiisahau siku moja, tutarudi kule kule."

Wale jamaa walirudi mmojammoja, lakini si kama mwanzo, na mimi pia nilikuwa si yule wa mwanzo. Nikaanza kusikia sauti ndani ya gari. Mara mlio chini ya kiti nikikata kona, mara mkwaruzo nikishika breki. Nikaipeleka gereji. Fundi akakaza nati, akabadilisha bushi za mpira, nikalipa. Wiki iliyofuata nikasikia jengine. Nikawa naondoka Gando saa mbili za asubuhi na kukaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, pale pale bandani, hadi adhana ya Adhuhuri. Wateja waliingia na kutoka, wakabishana bei za spea na kulalamikia barabara. Fundi alisikiliza mashine zao kwa bisibisi yake. Mimi nilitoa maoni pale nilipoulizwa, na mara nyengine pale ambapo sikuulizwa.

Asubuhi moja nilimwambia nasikia kitu kinagonga upande wa kushoto. Akapanda, tukaenda hadi njia ya bandarini na kurudi. Tulipofika bandani akazima injini lakini hakushuka.

"Mzee, gari yako haina kitu," alisema.

"Nimesikia kinagonga."

"Wiki iliyopita pia haikuwa na kitu. Nilikaza nati iliyokwishakazwa, nikachukua pesa yako, na usiku nikaona vibaya." Alifuta mikono kwa kitambaa. "Kama unataka kukaa hapa, kaa. Si lazima gari iumwe."

Nilitazama mbele, kwenye kioo chenye vumbi. Nilitaka kumjibu kwa hasira, kumwambia yeye ni fundi wa gari na ashughulike na gari. Badala yake nilimshukuru, akashuka, nikashika usukani, nikawasha, nikaenda zangu, na kwa siku ishirini na zaidi sikukanyaga Wete kwa aibu. Ndipo nilipomwambia mke wangu kwa simu habari yote, tangu kibandiko hadi bushi nilizobadilisha bure. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Nakuja," alisema. "Mwezi ujao, inshaallah, kwa wiki tatu."

Nilimsikia alivyotamka wiki tatu.

Nilimpokea uwanja wa ndege wa Chake. Alikuwa amenenepa kidogo na kuvaa viatu vya raba. Alikaa mbele, akaushika ukanda, akaangalia dashibodi kama mtu anayetambulishwa kwa mkwe. Tulizunguka kisiwa kizima katika wiki zile. Nilimpeleka kwa dada zake, nikampeleka makaburini kwa wazazi wake, nikampeleka Tumbe kununua samaki, na gari haikukohoa hata mara moja. Aliwasalimia wote, na wote walimpenda. Lakini nyumbani, tukishamaliza kula, nilimwona akitazama saa na kuhesabu huko Maskati mtoto yuko wapi sasa, kama ameshaoga au ameshalala.

Siku mbili kabla ya kuondoka tulikaa barazani naye akasema bila mimi kumuuliza.

"Nikikaa hapa, roho iko kule. Nikiwa kule, iko hapa kwako. Sijui nifanye nini, bwana. Yule mtoto ananiita mama."

"Mimi sikukasirika," nilisema.

"Najua. Ungekasirika ingekuwa rahisi."

Asubuhi ya safari niliamka, nikafungua boneti kama kila siku. Maji yalikuwa yamepungua kiasi cha vidole vitatu. Nikasimama pale na dumu mkononi. Kutoka Gando hadi uwanja wa ndege ni masafa ya kutosha kwa rejeta ile. Ingechemsha njiani, pengine karibu na Chake, pengine kabla. Ndege ingeondoka. Tiketi nyengine si rahisi kupatikana, na mtu huweza kukaa wiki nyengine, na katika wiki moja mengi hubadilika. Nilimsikia ndani akifunga mkoba wake na kumwomba Mungu amfikishe salama.

Nikamimina maji hadi juu, nikafunga mfuniko, nikaukaza.

Gari ilikwenda njia nzima kama maji mtungini. Nilipopanda vilima niliutazama mshale wa joto mara kwa mara, nao ulikaa katikati pale pale, haukunipa hata sababu ya kusimama kidogo. Mke wangu alizungumza habari za kubadilisha mapazia. Uwanjani nilimbebea mizigo hadi mahali ambapo asiye na tiketi hapiti. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akausogeza kifuani pake, akaniacha.

Nilikaa kwenye gari hadi ndege iliporuka. Ilikuwa ndogo, na sauti yake iliisha upesi. Kisha nikaketi kidogo zaidi, madirisha wazi, jua likipanda juu ya kiti alichokalia, hadi askari wa lango akaja kuniuliza kama namngoja mtu.

"Hapana," nilimwambia. "Nimeshamsindikiza."

Nikageuza gari, nikashika njia ya Wete, nikakae bandani kwa fundi, na gari haiumwi kitu.