Mwenye Kibuyu Huonja Kwanza

Mimi ni mpimaji katika utafiti wa presha na sukari. Huu mwaka wa tatu natoka nyumbani kwangu Ngokolo na mkoba wa mashine, nazunguka vijiji hadi ng'ambo ya Buseresere, nikiwafunga watu mkanda mkononi na kuwauliza maswali ya dodoso. Swali moja hulisoma harakaharaka: kwenu kuna aliyewahi kupata kiharusi? Baba yangu aliangushwa na kiharusi zizini, akiwa na umri nilio nao leo. Nami sikuwahi kujipima. Wenzangu wakiniuliza, nilijibu mganga hajigangi, tukacheka. Ukweli nilikuwa naogopa.

Katika kijiji kimoja ilibaki kaya ya bibi mmoja mjane, mwenye ng'ombe wengi na ulimi mkali. Nilifika asubuhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Kaa."

Akaleta kibuyu cha maziwa mgando, akamimina kwenye kata, akapiga mafunda mawili mbele yangu, ndipo akanipa. Usukumani ndivyo tulivyolelewa: mwenye kibuyu huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Nikanywa yote, yalikuwa matamu kweli. Kisha nikamsomea fomu ya ridhaa na kutoa mkanda.

Bibi akakunja mikono. "Mimi nimeonja changu. Na wewe onja chako."

"Bibi, mashine hii haimdhuru mtu."

"Hata maziwa yangu hayadhuru, na nimeyaonja."

Wake wawili wa wanawe, waliokuwa wakipukuchua mahindi, wakaacha kazi watutazame. Nikaona haya, nikajifunga mkanda. Namba ya juu ikapita mia na sabini. Nikatulia kidogo kama tulivyofundishwa, nikapima tena. Ikapita vilevile. Bibi hakujua kusoma namba, lakini uso wangu aliusoma bila miwani.

"Ina sumu?"

"Mashine ni nzima, bibi. Mbovu ni mimi."

Hakucheka. Aliniuliza kama nina baba. Nikamsimulia habari za zizini, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulijibu swali ninalowauliza watu kila siku. Bibi akaisukuma fomu kwangu. Hatatia dole gumba, alisema, mpaka nimekwenda hospitali. Nilimkasirikia njia nzima hadi barabarani, maana msimamizi alikuwa akiisubiri kaya ile.

Nilikwenda. Baada ya wiki mbili nikarudi kwa bibi na pakiti ya vidonge mfukoni, nikamwonyesha kwa majivuno kidogo.

"Onja," akasema.

Nikameza kimoja mbele yake, kwa maji ya kata ileile. Wale wake wa wanawe wakapiga vigelegele utadhani nimeoa. Bibi akachovya dole gumba kwenye wino, akalibandika kwenye fomu, akaninyooshea mkono. Presha yake ilikuwa ya msichana.

"Kesho," akaniambia, "utameza nisipokuwepo."